Kliniki ya Jumanne

Gongoni,
Alhamisi, 30 Januari 2025

Mlamu Kalama,

Salamu ni za watu wanaosalimiana, kwa hiyo nitazifupisha: mimi mzima.

Umenibloki kwenye simu tangu Jumapili ukadhani umeniziba mdomo. Umesahau kwamba malori ya chumvi yanapita Kilifi kila siku ya Mungu, na madereva wake wanakula kwangu. Barua hii unaletewa na Musembi, yule Mkamba mrefu. Nimemwambia ukikataa kuipokea akusomee kwa sauti hapo hapo karakana, mbele ya mafundi wako. Anaimba kwaya huyo, sauti anayo.

Nakuandikia juu ya mke wako, ambaye kabla hajawa mke wako alikuwa mdogo wangu, nikambeba mgongoni kwetu Kakuyuni kabla sijajua hata kufunga leso vizuri. Tangu Pola azaliwe mwezi wa nane, Kadii si Kadii. Nilipokuja mwaka mpya mtoto alikuwa analia, na mama yake anamsikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani. Hali chakula. Halali usingizi. Haogi mpaka aambiwe. Kadii yule aliyekuwa akicheka mpaka kuku wanakimbia!

Nesi Nyakio wa kliniki ya watoto aliliona jambo hili kabla yetu sote. Alimpima Pola uzito, kisha akamtazama mama. Akamuuliza maswali, akamwambia huu ni ugonjwa, jina lake sonona, huwapata wanawake wengi wakishajifungua, na una dawa. Akampa barua ya kwenda kliniki ya Jumanne, hospitali kubwa. Barua hiyo unayo wewe tangu Novemba. Hebu hesabu Jumanne zilizopita, wewe si unajiita mtu wa hesabu?

Badala yake mama yako akaita mganga. Mbuzi mweusi, kuku wawili, kaniki, na pesa ya kufungulia mkoba. Kadii hakumbuki alikula nini jana, lakini bei hiyo aliikumbuka: elfu kumi na nne na mia tano. Mimi nilianza na sufuria moja na jiko la kuazima, leo mchana nalisha watu sitini. Najua elfu kumi na nne inafanya nini. Pikipiki kutoka Kibarani mpaka hospitali, kwenda na kurudi, ni mia mbili.

Mpeleke Jumanne. Hili si ombi.

Mlamu wako,
Kahonzi


Kibarani, Kilifi,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Mheshimiwa Kahonzi,
Hakimu wa Mahakama ya Samaki wa Kukaanga,

Nimeipokea. Musembi wako alikuwa ameshakohoa tayari kuanza kusoma, ikabidi nimnyang'anye. Kwa kuwa umeniandikia kama serikali, nami nakujibu kwa karatasi.

Mke wangu si mwendawazimu. Hiyo kliniki ya Jumanne unaijua iko wapi? Iko uani, na wanaongoja wanakaa nje kwenye benchi, kila anayekwenda kufua nguo za mgonjwa wake anawaona. Mji huu wote unanijua. Nusu ya madirisha ya Kibarani nimeyachomelea mimi. Kadii akikaa pale asubuhi, jioni wateja wangu wananiuliza mke wa fundi amerukwa na akili tangu lini. Halafu Pola akikua nani atamchumbia?

Amechoka, ndiyo. Nani hakuchoka? Mama yangu alizaa watoto tisa na kesho yake yuko shambani na jembe. Na huyo mganga unayemcheka, wewe ulipoumwa mgongo ulikwenda wapi, Ulaya? Si ulikwenda kwa mzee yule wa Kakuyuni ukarudi umechanjwa kama mkate?

Kuhusu pesa, usiniandikie kama mtu aliyekosa. Bima ya serikali imelipwa. Ya mwaka mzima, mimi na mke na mtoto. Siku nitakayoona mimi, mumewe, kwamba anahitaji daktari, ataingia hospitali kifua mbele bila kuombewa na mtu wa Gongoni.

Tafuta mume, mlamu. Umekaa na maneno mengi na huna wa kumpigia.

Kalama
Fundi wa Mageti na Madirisha


Gongoni,
Jumatano, 12 Februari 2025

Kalama,

Mume nilikuwa naye, akala mtaji wangu, nikamfukuza, nikaanza upya. Ndiyo maana watu wa aina yako nawajua kwa harufu.

Jana ulikuwa Mtwapa unafunga geti. Mimi nilikuwa Kilifi. Nilifunga kibanda, nikapanda lori la Musembi alfajiri, nikamkuta mdogo wangu amekaa kitandani na leso ya juzi, nikamwogesha, nikamfunga Pola mgongoni kwangu, tukaenda. Kasirika utakavyo.

Tulifika mlango haujafunguliwa. Tulipofika dirishani karani akaingiza nambari ya kitambulisho chako, akatazama, akaingiza tena. Nikamwambia, "Imelipwa hiyo, ya mwaka mzima." Nikasema kwa kujigamba, maana ulinipa barua iliyotiwa sahihi! Akanijibu bila hata kuinua uso: "Mama, huyu amejiandikisha tu. Hajalipa hata senti." Watu wote nyuma yetu kwenye foleni wamesikia. Nikamwangalia Kadii nione kama amestuka. Hakustuka. Alikuwa anajua.

Basi nikalipa mimi. Mia tano ya kumwona daktari. Daktari Kiprop, kijana mpole wa bara, alituona, akaandika dawa za mwezi. Dirisha la dawa: "Hiyo haipo, jaribuni nje." Hospitali ya umma, imejengwa kwa kodi ya chumvi yetu na samaki wetu, na dawa iko ng'ambo ya barabara kwenye duka la mtu! Elfu moja na mia nane. Ongeza nauli yetu, chai, na siku niliyofunga kibanda, uone kama mtu anayevunja mawe pale kwenu anaweza kuugua ugonjwa huu. Hawezi. Itabidi aumwe kitu kingine.

Nimefanya hesabu yote. Matibabu ya mwezi mzima, hata bila bima, hayafiki robo ya mbuzi wako na mganga wako. Kwa hiyo si pesa tu. Kuna kitu unakificha, na bado sijakijua.

Dawa ameze kila asubuhi akishakula. Daktari amesema zinachukua majuma kadhaa kabla hazijafanya kazi, asiache katikati. Kurudi ni Jumanne ya mwisho ya mwezi huu... soma tena: JUMANNE.

Kahonzi


Kibarani,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kahonzi,

Umeingia nyumbani kwangu nikiwa sipo. Umemchukua mke wangu. Umenitangaza dirishani. Mwanamume mwingine angekwisha kuja Gongoni.

Na umemfundisha kuficha. Vidonge nimevikuta ndani ya kopo la unga, vimefungwa kwenye kitambaa. Nikadhani ni vya kupanga uzazi, nikamuuliza, akageukia ukutani. Mama ndiye aliyempelekea Janet hapo jirani, yule anayejua kusoma maandishi ya dawa, akasema ni vya kichwa, vya wagonjwa wa akili. Heri vingekuwa vya uzazi. Mama anasema mtu akianza hivyo haachi mpaka kaburini, na maziwa yanaharibika, mtoto analewa.

Nimevitupa chooni. Vyote.

Usikanyage hapa tena.

Kalama


Gongoni,
Jumatano, 19 Februari 2025

Kalama,

Janet amenipigia simu jana. Huenda wewe hakukwambia, kwa sababu mlango wako siku hizi unafunguka kwa matusi.

Jumatatu mchana Kadii alimpelekea Janet mtoto, akasema anakwenda kuchota maji. Hakuwa na ndoo. Janet akasimama mlangoni akifikiri: anachota kwa chombo gani? Akamfunga Pola, akafuata. Alimkuta kwenye machimbo ya mawe, amekaa ukingoni pale pa juu, viatu amevivua amevipanga vizuri pembeni. Janet hakupiga kelele. Alikaa chini karibu naye, akaanza kumwambia habari za bei ya nyanya. Nyanya, Kalama! Akazungumza nyanya mpaka mwenzake akakubali kunyanyuka. Kisha akamrudisha kwako, nawe ulikuwa kwenye benchi la kahawa.

Sitaandika nilichofanya niliposikia. Sufuria moja imepinda.

Sasa hicho ulichokuwa unakificha. Janet ameniambia. Alikuwepo siku binti wa serikali alipokuja na tableti yake kuandikisha watu wa bima, akakukuta pale kwenye benchi na wanaume wenzako. Akakuuliza, ili mashine ikadirie uwezo wako. Sakafu ya nyumba? Ukasema vigae. Nyumba gani hiyo ina vigae? Choo? Cha ndani, cha kuvuta maji. Friji? Ukasema friza, tena mbili, ambazo ni za yule mteja wa Mnarani anayengoja umchomelee milango yake. Gari? Ukanyoosha kidole kwenye tuktuk ya watu uliyokuwa unaitengeneza bodi. Janet anasema wanaume walikupigia makofi.

Mashine ikapiga hesabu kama inavyopiga, ikakuandikia elfu ishirini na tisa kwa mwaka, zote kwa mpigo. Fundi mwenye vigae, mwenye friza mbili. Huna hizo pesa. Hukuwahi kuwa nazo. Na badala ya kusema "nilijigamba, nimekwama," ukasema mke wako haumwi. Kwa sababu akiumwa ndipo inajulikana. Ukamfanya mvivu, ukamfanya ana pepo, ukamtupia dawa chooni, ili benchi lisikucheke!

Mimi siji. Nikija nitafanya jambo la kunifunga jela na watu sitini watalala njaa. Nakwambia utakachofanya. Utakwenda ofisi ya bima uombe kuulizwa upya, na safari hii utasema sakafu ni sakafu gani. Na dawa ulizotupa utazinunua, leo, si Jumanne.

Janet anamtazama mchana. Mshukuru.

Kahonzi


Kibarani,
Jumatano, 26 Februari 2025

Mlamu,

Simu nimekufungulia. Ila ukipiga sitajua niseme nini, kwa hiyo naandika.

Habari ya machimbo nimeisikia kwako. Mke wangu hakuniambia na Janet hakuniambia. Niliisoma kwanza pale karakana, mafundi wakaniuliza kama kuna msiba.

Wewe hukuwa kwenye lile benchi. Binti alipofika kwangu, Jefwa mwenye lori za mawe alikuwa amekaa hapo. Nilimvunjia mawe Jefwa miaka minne nikiwa kijana, unakumbuka. Kabla sijafungua mdomo akamwambia binti, "Huyu andika maskini tu, huyu ni kibarua wangu." Watu wakacheka. Wewe ungejibu nini? Usiniambie ungejibu vingine. Nakujua.

Ofisi nimekwenda, Jumatatu na jana. Jumatatu mtandao umelala. Jana umeamka. Nikamwambia mtu wa pale, "Niliyosema si kweli. Sakafu ni saruji ya mbele, nyuma udongo. Choo kiko nje, tunatumia nyumba tatu. Tuktuk si yangu, friza si zangu." Nilisema kwa sauti kwa sababu ukiongea pole pole hawasikii, na chumba kilikuwa kimejaa. Akaniuliza kama nina hakika. Nimekuja kujivua nguo mbele ya watu, ananiuliza kama nina hakika!

Anasema ombi litapitiwa. Lini? Hajui. Mpaka lipitiwe ni ile ile ishirini na tisa. Nikamuuliza, naweza kulipa kidogo kidogo? Kila mwezi? Hapana, mwaka mzima kwa pamoja. Nikamwambia, ndugu, mimi nalipwa geti kwa geti, mteja anatoa nusu na nusu ya pili anahama nayo mtaa, hiyo ya mwaka mzima naitoa wapi? Akasema ndivyo ilivyoandikwa. Nilitamani kung'oa dirisha lake, na naweza, najua lilivyofungwa.

Dawa nimenunua za wiki moja, ndizo nilizoweza. Nikampa mkononi. Akaziweka chini ya mto. Nikakaa kitandani karibu naye, nikamuuliza, "Mama Pola, unataka nifanye nini?" Akaniambia, "Toa mguu, umekanyaga leso yangu."

Jana ilikuwa Jumanne yake ya kurudi. Sikumpeleka, nilikuwa ofisini nikigombania bima. Najua utasema nini.

Anazimeza au hazimezi, sijui. Naogopa kuuliza.

Kalama


Hospitalini, Kilifi,
Jumanne, 4 Machi 2025

Dada Kahonzi, shikamoo. Baba Pola, hujambo.

Naandika barua moja kwenu nyote wawili, mtapelekeana, mmeshazoea. Niko kwenye benchi la uani. Pola amelala mapajani. Nimekuja peke yangu kwa miguu, sikumwambia mtu.

Mmeandikiana mwezi mzima juu yangu. Baba Pola akikasirika husoma kwa sauti, na nyumba yetu haina dari. Nimesikia kila neno. Bei ya mbuzi nimeisikia, makofi ya benchini nimeyasikia, sufuria iliyopinda nimeisikia. Dada ananigombania kama shamba lililoingiliwa na ng'ombe wa watu. Baba Pola ananifunika kama kazi iliyoharibika. Hakuna kati yenu aliyeandika hata mstari mmoja wa kuniuliza mimi.

Basi nitasema bila kuulizwa. Si huzuni. Huzuni ningeijua, nililia sana alipokufa baba. Hii ni kama niko ndani ya tangi la maji na nyinyi mko nje mnagonga. Naona midomo yenu. Mtoto akilia najua ni wangu, najua ninyanyuke, na mkono haunyanyuki. Halafu najichukia kwa sababu ya mkono. Kutwa nzima ni hivyo, na kesho yake.

Dada, nitakwambia neno na ulipokee. Ile siku ulinileta hapa, nakushukuru kuniogesha. Lakini daktari aliniuliza mimi, ukajibu wewe. Aliuliza kama nalala, ukasema halali. Aliuliza kama nakula, ukamwambia mpaka samaki ninaowapenda. Halafu akauliza kama nimewahi kufikiri ni bora nife. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ukaruka: "Hapana, daktari! Kwetu sisi si watu wa mambo hayo." Ukacheka kidogo. Akaandika hapana. Akanipa vidonge, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nilitoka pale nikiwa nimefungiwa mlango, na aliyeufunga ni wewe, dada yangu, kwa sababu hukutaka kijana wa bara aone sisi ni watu gani.

Umemsema sana Baba Pola kuhusu vigae.

Machimboni sikwenda kupunga upepo. Mnajua nyote wawili, na mmoja wenu ameandika "amekaa ukingoni" kama mtu aliyechoka kutembea. Nilikwenda kufa. Nawaandikia hivyo hivyo ili mkiniangalia msijifanye hamjui.

Leo daktari ni yule yule. Aliuliza tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunijibia. Nikasema ndiyo. Nikamwambia lini, na wapi, na viatu. Akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akazima simu yake. Tumekaa mle ndani mpaka watu wa nje wakaanza kugonga. Amebadilisha dawa, amesema hizi nilizokuwa nazo zilikuwa ndogo kwa ugonjwa nilio nao. Anataka kuniona kila Jumanne, bure hanitozi ya kumwona mpaka jambo la bima liishe, amesema ameandika mwenyewe kwenye faili na karani akibisha nimwite. Maziwa hayaharibiki, mwambieni mama mkwe. Na amesema wiki hizi nisiachwe peke yangu, mchana wala usiku. Ndiyo sababu nawaandikia. Si kwa kuwa hasira zimekwisha.

Baba Pola, endelea na ile ofisi. Nenda huko kila siku, gombana nao, hiyo ni kazi yako na unaiweza. Na Jumanne ijayo utakaa hapa kwenye benchi, umempakata mtoto wako, kila anayepita akuone. Mlangoni nitaingia peke yangu.

Dada, njoo. Funga kibanda, watu sitini wana mikono, watapika. Njoo ulale chumba kimoja na mimi. Nikinyamaza, nyamaza. Mtu akiniuliza kitu, ngoja. Hata nikichelewa kujibu, ngoja.

Dirisha la dawa wameita jina langu. Nasikia yule bwana anasema zipo nusu tu, nyingine nikanunue nje. Ngojeni kwanza, naenda kugombana naye.

Kadii